Kinywa cha Mwenye Jambo

Mwaka 1967, kisiwani Fogo, Kanada, wavuvi waliokuwa katika hatari ya kuhamishwa walipigwa picha za sinema wakieleza shida zao. Wakajitazama, wakatazamwa na serikali. Kisha wakaunda ushirika, wakabaki kwao.

Katika miaka ya 1970 nchi hiyohiyo ilisaidia mashamba ya ngano ya NAFCO huko Hanang. Malisho ya Wabarabaig yakalimwa, hata makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kikashitaki mwaka 1981. Kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa katika rufani.

Basi mtafiti aendaye leo Hanang au Mbulu na kamera yafaa ajiulize: ni nani atakayeishika, na ni nani atakayechagua la kuonyeshwa? Asemewaye daima hajasikiwa bado.