Kutoka Kitabu cha Adhabu hadi Chati ya Tabia: Kumbukumbu za Mwanafunzi wa Elimu Maalum Jijini Nairobi

Historia ya elimu maalum jijini Nairobi husimuliwa mara nyingi kwa kutaja majengo, sera na wafadhili, ilhali sehemu yake muhimu imo katika karatasi ambazo walimu wamezijaza kuhusu mtoto aliyewapiga wenzake, aliyejiuma mkono, aliyerarua vitabu au aliyetoroka darasani. Tabia za aina hii, ambazo wataalamu huziita tabia zenye changamoto kwa sababu humhatarisha mtoto au wenzake na kumzuia kujifunza, zimeandikwa kwa namna mbalimbali tangu enzi za ukoloni, na kila namna ya kuandika imebeba swali lake kuhusu mtoto. Kwa muda mrefu swali hilo lilikuwa ni kosa gani limetendwa na adhabu yake ni ipi. Ni katika miongo ya karibuni ambapo mwalimu ametakiwa kuuliza ni jambo gani lililoitangulia tabia na mtoto alipata nini kutokana nayo.

Mizizi ya swali la kwanza inaonekana wazi katika vitongoji vya magharibi. Huko Kabete, mapema katika karne ya 20, serikali ya kikoloni ilianzisha taasisi ya kuwarekebisha vijana waliopatikana na hatia, ambayo baadaye iliwekwa katika kundi la shule zilizoidhinishwa, yaani shule ambazo mahakama iliruhusiwa kuwapeleka watoto. Na jirani yake, Getathuru, kikawapo kituo cha kuwapokea watoto hao na kuwapangia shule. Kumbukumbu iliyoanzia kwenye shtaka haikuwa na safu ya kueleza kwamba mtoto hakuelewa alichoambiwa au hakuwa na maneno ya kusema anachotaka. Watoto wenye ulemavu wa akili, kwa upande wao, walihudumiwa kwa ubaguzi ule ule wa rangi uliotawala mji mzima: Shule Maalum ya Jacaranda, iliyoko upande wa magharibi wa jiji, ilitokana na kuunganishwa kwa shule mbili ambazo hapo awali zilihudumia watoto Wazungu na watoto wa jamii ya Waasia kila moja peke yake.

Uhuru ulifungua milango ya shule, lakini haukubadilisha mara moja namna ya kuandika tabia. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 ziliruhusu kiboko kwa masharti: uchunguzi ufanywe kwanza, mwalimu mkuu ndiye aadhibu, shahidi awepo lakini wanafunzi wengine wasiwepo, mapigo yasizidi 6, wavulana wapigwe matakoni na wasichana kwenye viganja, na maandishi ya shauri zima yahifadhiwe. Kwa hiyo kitabu cha adhabu kilikuwa hitaji la kisheria, na lengo lake lilikuwa zuri, kwa maana kilikusudiwa kumzuia mwalimu asivuke mipaka. Hata hivyo, kilianza kuandikwa pale tabia ilipokwisha kutokea, kikakoma pale adhabu ilipokwisha kutolewa, na kila aliyeitetea fimbo kwa methali ya mchelea mwana kulia alipata ndani yake ushahidi kwamba kazi imefanyika, hata kama jina la mtoto yule yule lilirudi humo wiki hadi wiki.

Mabadiliko yalianza kupata umbo katika miaka ya 1980. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Wizara ya Elimu ilianzisha vituo vya upimaji na nyenzo za elimu, ambamo mtoto alichunguzwa kabla ya kupelekwa shule inayomfaa, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, inayojulikana kama KISE, ili kuwaandaa walimu. Upimaji ulimtaka mwalimu aeleze anachokiona badala ya kutoa hukumu. Neno kama “mtundu” au “mkaidi” halimsaidii mpimaji, bali maelezo kwamba mtoto hujigonga kichwa mezani mara kadhaa kila anapopewa kazi ya kuandika humwonyesha pa kuanzia.

Mbinu ya kuieleza tabia kwa namna hiyo ilikuwa imekomaa ng’ambo. Nchini Marekani, mwaka 1968, Sidney Bijou, Robert Peterson na Marion Ault walichapisha utaratibu wa kuandika tukio katika safu tatu, yaani kitangulizi, tabia na matokeo, na mwaka 1985 Paul Touchette na wenzake wakaeleza chati ya mtawanyiko, ambayo ni jedwali lenye saa za siku upande mmoja na tarehe upande wa pili, ambapo kisanduku huachwa kitupu tabia isipotokea, hupigwa mstari mshazari ikitokea mara chache, na hujazwa wino ikitokea mara nyingi. Faida ya mbinu hizi huonekana katika mfano mdogo. Karatasi ikionyesha kwamba saa nne na nusu asubuhi mwalimu aliagiza vitabu vya hesabu vitolewe, mwanafunzi akajitupa sakafuni na kupiga mayowe, kisha akatolewa nje akakaa chini ya mti, na ikionyesha mfuatano huo huo Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, basi mwalimu ana sababu ya kushuku kwamba kutolewa nje, jambo alilolidhania kuwa adhabu, ndilo hasa mtoto analolitafuta. Dawa yake ni kuigawa kazi katika vipande vifupi na kumfundisha mtoto kuomba mapumziko kwa ishara au kadi ya picha, kisha kuendelea kuhesabu ili ijulikane kama vurugu zinapungua.

Sheria nayo ilisogea. Mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni zilizoruhusu viboko shuleni, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, ikamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, huku kifungu cha 54 kikimpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Mwaka 2003, ambao ndio mwaka elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo, wazazi walioungana katika Chama cha Usonji cha Kenya walisaidia kuanzisha kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, mtaani Ngara, karibu na katikati ya jiji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano, na mtoto asiyezungumza hulazimika mara nyingi kuutumia mwili wake kusema kwamba kelele zimezidi, kwamba anaumwa au kwamba amechoka.

Historia hii inathibitisha kwamba maandishi peke yake hayamkomboi mtoto, kwa kuwa kitabu cha adhabu nacho kilijazwa kwa uaminifu. Chati hustahili jina lake pale tu inaposomwa na mwalimu pamoja na mzazi, inapotunzwa kwa siri kama taarifa yoyote ya afya ya mtoto, na inapomlazimu mtu mzima kubadilisha jambo analolifanya yeye kabla ya kudai kwamba mtoto abadilike. Wizara na kaunti hazina budi kumpunguzia mwalimu wa elimu maalum idadi ya wanafunzi na kumpa msaidizi, kwa maana anayewashika watoto kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kuandikia.