Usafi wa Miji Mikubwa

Wako wasemao ya kuwa mji huwa safi kwa sababu wenyeji wake ni wastaarabu. Habari za London zatufundisha neno jingine. Mwaka 1849 kipindupindu kiliua humo maelfu ya watu, na mto Thames ukazidi kupokea uchafu wa vyoo. Lakini katika joto la mwaka 1858 uvundo wa mto uliingia Bungeni. Mara sheria ikapitishwa, na fundi mkuu Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Mwaka 1866 kipindupindu kikarudi, kikaua hasa watu wa mashariki, ambako mifereji ilikuwa haijakwisha. Je, hao walikuwa wachafu kuliko wenzao? Sivyo. Basi, ndugu wasomaji, tusiwalaumu wakaao penye taka kabla ya kuuliza fedha za mji zimepelekwa wapi.