Kipandio cha Mwisho
Mwaka 1985, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilipoanza uzalishaji, viwanda duniani vilikuwa vikiaga makabati ya rilei. Rilei hazikungojana: moja ikivuta, mota iliitika papo hapo. PLC, iliyobuniwa na Dick Morley huko Marekani mwaka 1968, ilileta zamu. Kwa kawaida husoma swichi zote kwanza, hupitia programu iliyochorwa kama ngazi, kipandio kwa kipandio, ndipo hutuma amri. Kipandio cha 3 kikisema “zima” na cha 40 “washa”, mota ileile husikia cha 40 tu. Karibu na rola za karatasi, huo ni mkono wa mtu. Ndiyo maana mara nyingi kitufe cha dharura huwekewa waya wake, kikate umeme bila kungoja zamu.