Meno ya Sproketi, Kutoka Idaho Hadi Rhonda

Kiwanda hukuuzia pikipiki kana kwamba barabara zote ni moja. Hapa Rhonda tunajua si hivyo. Nduthi ile ile inayopeleka abiria tao asubuhi, mchana inabeba mitungi ya maji kwa vichochoro vya matope, na siku nyingine inapanda Njoro hadi Mau Narok kuchukua gunia la viazi. Dukani iliuzwa kama pikipiki ya barabara. Maisha yameifanya ya kazi mbili, lami na vumbi, na kinachoiwezesha ni duara la chuma lenye meno: sproketi.

Hesabu yake si ngumu. Chukua meno ya nyuma, gawanya kwa ya mbele. 42 kwa 14 ni 3, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndio gurudumu lizunguke mara moja. Weka ya mbele yenye meno 13 na unapata 3.23. Nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu asilimia 8, lakini injini ikizunguka vile vile, mahali ulikuwa unapiga 80 sasa unapiga 74. Ukiongeza matatu nyuma, 45 kwa 14, unafika karibu hapo hapo. Kubadilisha ya mbele ni bei nafuu, ila ikiwa ndogo sana cheni inakunjwa zaidi na inaisha haraka.

Sasa, nani alifikiria haya kwanza? Historia ya pikipiki hupenda majina ya viwanda. Lakini Honda walipopeleka Super Cub Marekani, pikipiki ndogo iliyotoka 1958, muuzaji mmoja wa Boise, Idaho, aliyeitwa Herb Uhl, aliona wateja wake ni watu wa milima. Akaweka sproketi kubwa nyuma na tairi za vijiwe. Zikauzika mpaka watu wa Honda wakataka kujua kulikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kikaanza kutengeneza zake, na Trail 90 ya 1964 ilikuja na sproketi mbili nyuma, ndogo ya barabara na kubwa ya mlima. Fundi alitangulia, kiwanda kikafuata.

Huku kwetu hadithi ilianza na baiskeli. Miaka ya 1960, pale Busia, vijana walivusha watu kati ya Kenya na Uganda wakiita "boda boda", na baiskeli hazikuwa na gia za kubadilisha. Mlima ukikushinda, unashuka unasukuma. Mwaka 1976 Honda wakatoa CG125, iliyoundwa wakifikiria nchi kama yetu: injini rahisi kutengeneza, na kifuniko cha kukinga cheni yote na vumbi. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi. Halafu 2008 serikali ya Kenya ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na za India na China zikajaa kila steji.

Kodi iliondolewa, mlima ukabaki. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hivyo Boxer ya Nakuru si Boxer ya Mombasa, hata kama zimetoka kwa kontena moja. Ndiyo maana fundi wa hapa hakuulizi unataka kukimbia kiasi gani. Anauliza unabeba nini na unaenda wapi. Kama ni mizigo na milima, atakuongezea meno nyuma, na ukishuka Mau na gunia injini itasaidia breki kukuzuia. Kama kazi yako ni haiwei, atakwambia uache ya kiwanda, usije ukachoma mafuta bure.

Swali la nani anaitwa mhandisi linanigusa, kwa sababu niliacha chuo kabla ya kumaliza na nimeshazoea kuulizwa nina karatasi gani. Uhl alibadilisha sproketi na jina lake likaingia kwa historia. Mafundi wetu wanabadilisha kila siku, kando ya barabara, na sisi tunaita jua kali. Hakuna anayeandika ni nani aliyegundua kuwa meno fulani ndiyo yanayopanda Njoro na abiria wawili bila kuchoma klachi.

Na si jambo dogo. Nduthi nyingi hapa ni za mkopo, unalipa kila siku. Jino moja likikosewa, pesa ya jioni inaishia kwa petroli ama kwa cheni mpya. Kwa hivyo ukipita gereji yoyote mtaani, muulize fundi ameweka meno mangapi, na kwa nini. Andika jibu, na uandike jina lake pia.