Ruzuku, fadhila na mwezi wa kumi na tatu

Mama aliikata tyubu kwa wembe, akaipasua kama samaki wa kukaanga, kisha akakomba kwa kidole losheni iliyoganda pembeni. Alianza na masikio ya mwanawe, akaja kisogoni, kwa kuwa huko kofia haifiki. Mtoto ana ualbino. Ngozi yake haina melanini ya kutosha kuzuia miale ya jua, na isipokingwa tangu utotoni, saratani huweza kuja mapema, hasa usoni na shingoni.

Tulikuwa barazani, Msambweni, mimi nikiwa na fomu ya kuombea fedha mapajani.

“Hapo umeandikaje, mwanangu?”

“Ufadhili, mama.”

“Basi tutasimangwa.”

Nilinyamaza, maana alikuwa ameligusa neno penyewe. Ufadhili umezaliwa na fadhila, na fadhila ni hisani: aliyeitenda anaweza kuikumbusha. Methali yetu ya mfadhili mbuzi huisha kwa maudhi ya binadamu, na mama huyu aliogopa maudhi ya upande wa pili, ya mtoaji.

Nikajaribu ruzuku. Hili ni ndugu wa riziki. Anayeruzuku ni Mungu, na hakuna mja anayesimangwa kwa riziki yake. Ofisini tumelishusha likawa fedha za mbolea na za vyama vya siasa, lakini asili yake haijafutika: ni fungu la mtu, limfikie. Kwa maana hiyo nalipenda kwa ile bajeti ya 2010/2011, Serikali ya Kenya ilipotenga shilingi milioni 100 kwa ajili ya watu wenye ualbino, losheni igawiwe hospitalini kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Losheni yenyewe nayo tuiiteje? Kule Diani inauzwa karibu na miwani ya jua, na mgeni hujipaka ili akae ufukweni muda mrefu zaidi. Panda matatu, pita Gazi, ushuke Msambweni: majimaji yaleyale ni kinga ya uhai. Nikiandika “kipodozi” kwenye fomu, msomaji ataona urembo na kukata bajeti. Niliandika “dawa ya kukinga ngozi”, na chini yake nikaeleza kwamba hupakwa upya kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Hesabu ya tyubu hutoka hapo.

Kwa ugonjwa, fomu ilitaka saratani. Saratani ni kaa, kwa Kiarabu. Hata kansa, kwa Kilatini, ni kaa yuleyule. Mama alisema “kidonda kisichopona”, nami nikaliingiza neno lake, kwa sababu linamwambia mzazi aangalie nini na aende kliniki lini. Wanaopokea huitwa wanufaika. Hilo sikuligusa, mzizi wake ni mmoja na nafuu, na nafuu ndiyo tunayoitafuta. “Zeruzeru” halikuingia kabisa. Limewaumiza watu vya kutosha.

Tukafika kwenye muda wa mradi. Miezi 12.

“Na mwezi wa kumi na tatu?” mama akauliza.

Kaunti yetu ya Kwale inajua mfadhili akiondoka inakuwaje. Mgodi wa titani, uliokuwa ukisomesha watoto wengi wa hapa, ulimaliza uchimbaji Desemba 2024. Jua halina tarehe ya kumaliza.

Pwani tunalo neno linalojibu swali la mama, nalo ni wakfu. Magazeti hulitumia kwa shirika lolote lenye fedha, ila wazee walilijua kwenye mnazi: mti uliozuiwa usiuzwe wala usirithiwe, nazi zake zikanunua mafuta ya taa ya msikiti, msimu baada ya msimu. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, losheni ya Kilisun hutengenezwa papo hapo kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtambo wa namna hiyo Pwani, ukiwekwa wakfu, ungekuwa mnazi wetu. Niliandika hivyo, ingawa nafasi ya “uendelevu” ilikuwa ya mistari mitatu tu na maandishi yakapanda pembeni mwa karatasi.

Nilipoinua macho, mama alikuwa ameilaza ile tyubu iliyopasuliwa juu ya kisahani, akaifunika kwa kingine, ibaki ya kesho.