Nani Aliyehesabu Mayai ya Kombe?

Sisi tukaao Kalundu na Uvira twaijua hesabu ya ziwa letu kwa njia ya soko. Twajua beseni ngapi za ndagala zimeshuka asubuhi, na mukeke mmoja auzwa bei gani. Lakini yuko kiumbe wa ziwa hili ambaye hakuna amhesabuye sokoni. Ndiye kombe, mnyama laini akaaye mchangani katikati ya magamba mawili yafungwayo kama kitabu. Watoto huokota magamba yake ufukoni na kuyachezea, basi. Je, kombe azaa namna gani, na mayai yake ni mangapi? Swali hili laonekana dogo, hata la kuchekesha. Walakini wataalamu wamelishughulikia kwa miaka zaidi ya 300, na jibu lake latuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika ziwani kutoka pwani, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao. Mwezi wa Aprili walifika hata Uvira, ndipo walipoambiwa na wenyeji ya kuwa mto Rusizi waingia ziwani, hautoki. Speke alikusanya magamba ya ziwa hili, na mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza kwa maandishi huko London. Kombe mdogo mmoja alimpa jina la Burton. Siku hizi jina lake la kitaalamu ni Grandidieria burtoni, naye ni mwenyeji wa Tanganyika tu, haonekani katika ziwa jingine. Lakini gamba ni nyumba tupu. Halisemi mwenye nyumba alizaa watoto wangapi.

Huko Ulaya watu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza. Mwaka 1695 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek, kwa kioo chake cha kukuzia vitu vidogo, aliwaona watoto wa kombe wa maji baridi wakizunguka ndani ya mayai yao. Lakini mwaka 1797 Jens Rathke aliwakuta watoto wa namna ile katika matamvua ya kombe, yaani viungo vyake vya kuvutia pumzi, akadhani ni vimelea vimlavyo. Akawapa hata jina la vimelea. Kumbe walikuwa watoto wake mwenyewe! Mwaka 1866 Franz Leydig, Mjerumani, akawaona wamewashika samaki. Hapo siri ikafunuka: kombe wengi wa maji baridi hulea mayai katika matamvua, kisha huwatoa watoto majini, nao hupanda samaki kama abiria apandavyo mtumbwi. Wakikomaa, hushuka na kuanza maisha yao mchangani.

Afrika yetu nayo ilitoa fundisho lake. Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika kituo cha uvuvi cha Jinja, Uganda, alitangaza mwaka 1959 na 1961 habari za kombe aitwaye Mutela. Mtoto wake ana uzi mrefu mno, uliopita urefu wa mwili wake mara nyingi. Kwa uzi huo hunaswa kwa samaki wa ukoo wa Barbus, akajishikiza katika ngozi yake na kunyonya chakula humo. Kombe wa jamaa hiyo wako Tanganyika pia.

Katika ziwa letu wenyewe, wataalamu wa Ubelgiji walifanya safari kubwa ya uchunguzi mwaka 1946 na 1947. André Capart alipima kina, akapata mita 1,470. Max Poll aliandika habari za samaki. Eugène Leloup alishughulika na kombe na konokono, na kitabu chake juu ya kombe kilitoka mwaka 1950. Shirika la utafiti liitwalo IRSAC, lililoanzishwa mwaka 1947, likaweka kituo chake cha elimu ya maji hapa Uvira. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Japani, Takaki Kondo, alifunua matamvua ya yule kombe mdogo wa Burton. Alikuta humo watoto ambao wamekwisha kupata umbo la kombe kamili! Huyu hawapandishi watoto wake juu ya samaki. Huwalea mwenyewe mpaka waweze kukaa mchangani.

Basi, mayai huhesabiwaje? Kwa kombe alezaye katika matamvua, kazi ni ya subira tu. Matamvua hukatwa, mayai huoshwa na kutiwa katika chombo cha maji kilichopimwa, tuseme lita moja. Maji hukorogwa yasije mayai yakatuama chini, kisha hutekwa mililita moja na kuhesabiwa chini ya hadubini, juu ya kioo chenye mistari ya miraba. Yakionekana mayai 40, basi katika lita nzima yamo kama 40,000. Mtu mwangalifu harudii mara moja. Hurudia mara nyingi na kutafuta wastani.

Kwa kombe wa baharini kuna shida nyingine, kwa kuwa mayai yake yamechanganyika na nyama ya mwili. Chaza waweza kumtia katika maji ya moto kidogo akamwaga mayai mwenyewe. Mwaka 1930 Paul Galtsoff wa Marekani alieleza kuwa jike mmoja aweza kumwaga zaidi ya milioni 100. Lakini asipomwaga yote, je? Mwaka 2004 wataalamu wa Korea ya Kusini walitangaza njia ya kupima mayai yangali mwilini mwa kombe. Walimdunga sungura protini ya mayai ya kombe. Damu ya sungura ikatengeneza kinga iitambuayo protini ile. Kinga hiyo hutiwa katika maji ya nyama ya kombe iliyosagwa, pamoja na dawa ya rangi. Mayai yakiwa mengi, rangi hukolea. Yakiwa machache, hufifia. Na mashine husoma ukali wa rangi.

Mwaweza kuuliza, faida yake nini? Faida ni hii. Chaza amwagaye mamilioni, watoto wake wakifa wengi, husalia wa kuendeleza ukoo. Lakini kombe alezaye watoto wake kifuani hana mamilioni ya kupoteza. Akifukiwa na matope, mama na watoto hufa pamoja. Nayo matope yanakuja. Utafiti uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba udongo utokao katika milima iliyokatwa miti hupunguza aina za viumbe kandokando ya ziwa. Tena mwaka 2016 wataalamu walilinganisha hali ya maji na vipimo vya 1946. Wakaona kwamba, mahali walipochunguza, sehemu ya chini ya ziwa yenye hewa ya kutosha imepungua kwa 38 kwa mia, kwa sababu maji yamezidi joto na hayachanganyiki kama zamani. Bandu bandu huisha gogo.

Sisi wa Uvira hatuhitaji hadubini kuyaona matope hayo. Tuliyaona mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuwaua ndugu zetu. Udongo ule ule uliojaa nyumbani mwetu ndio ushukao ziwani na kumfunika kombe.

Bwana wetu alitufundisha kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa, na kwamba shomoro hasahauliwi mbele ya Mungu. Basi yeye ahesabuye kwa subira mayai ya kombe hafanyi upuuzi. Anajifunza kuheshimu kazi ya Muumba. Baba Mtakatifu Fransisko alituhimiza jambo hilo mwaka 2015 katika barua yake Laudato si'. Nasi tusio na maabara tuna sehemu yetu. Tuache kulima mpaka ukingoni mwa mito. Kila jumuiya ipande miti mlimani na kuitunza mpaka ishike udongo. Mvua ijayo ikiteremka, maji yaingie ziwani, na udongo ubaki shambani.