Kunoki: neno moja, hitilafu tatu

Kwenye gereji za pikipiki za Tabora mjini, na kwenye vijiwe vya mafundi kando ya barabara za Urambo, Kaliua na Sikonge, hukumu nzito kuliko zote ni ya neno moja: "Imenoki." Bodaboda akilisikia anajua akiba yake imekwisha. Kilichoharibika hasa, neno halimwambii. Ndani yake zimejificha hitilafu tatu, kila moja na chanzo chake na gharama yake, na fundi asiyezitenganisha anaweza kupasua injini iliyohitaji petroli safi tu.

Neno limetoka Kiingereza, ambako linataja mlio: injini inagonga, bado inatembea. Watanzania walipolipokea walilisogeza mbele. Kwao kunoki ni kufa, ndiyo maana husikika zaidi kwa kiambishi cha -me-, sawa na "imeungua" au "imevunjika".

Tabora imezoea maneno yanayofika pamoja na bidhaa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, mwaka 1857 walikuta kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, ambako mapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani walielewana kwa Kiswahili. Reli iliyofika mjini mwaka 1912 ilileta mitambo na msamiati wake. Pistoni, ringi, plagi na kabureta ziliingia kwa njia hiyohiyo, na maana zake hazikutetereka. Kunoki ndiyo iliyobadilika.

Hitilafu ya kwanza ni ya moto. Katika injini ya mipigo minne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, mchanganyiko wa hewa na petroli huwashwa mara 50 kila sekunde. Plagi ikitoa cheche, moto unatakiwa kusambaa kwa mpangilio. Petroli ikiwa dhaifu, au chumba cha moto kikiwa na joto la kupita kiasi na masizi mengi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe, na shinikizo hupanda ghafla. Mlio wake ni wa juu na mkavu, kama misumari midogo ikitikiswa ndani ya kopo, nao husikika pikipiki iliyopakiwa ikipanda mlima kwa gia kubwa.

Uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo hupimwa kwa okteni. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtafiti wa General Motors nchini Marekani, aligundua kwamba kiambata cha risasi huukomesha mlio huo. Dunia ikachoma petroli yenye risasi kwa miongo mingi, hata baada ya kujulikana kwamba risasi hudhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Tanzania ilikuwa na tatizo lake: uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, hivyo wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya na petroli, na okteni ya mafuta ya taa ni ya chini mno. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Kwa hiyo pikipiki iliyoanza kulia mara tu baada ya kujazwa petroli ya chupa kijijini haihitaji kufunguliwa. Imwagwe mafuta, plagi ikaguliwe, na dereva ashushe gia mlimani.

Ya pili ni ya beringi. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ukilegea kwenye beringi yake ya chini, hutoa mlio mzito wa "ko-ko-ko" unaofuata mwendo wa injini. Chanzo kikuu ni oili iliyopungua au iliyozeeka. Pikipiki nyingi za abiria hubeba oili ya takriban lita moja, hivyo upungufu mdogo tu ni hatari. Nyingi za Kichina zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambako mizigo ni mizito na oili hucheleweshwa. Uvumilivu huo una mpaka wake. Hapa injini lazima ifunguliwe: konrodi na beringi zibadilishwe, na kwa gari dogo huenda krenki ikasagwa ili ipokee beringi za saizi nyingine.

Ya tatu haina mlio. Injini ikichemka, pistoni ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya silinda ya chuma, ikabana na kusimama. Kiki hugoma. Ikipoa pengine itazunguka tena, lakini silinda imechubuka, na moshi wa bluu utaonyesha kwamba inakula oili. Dawa ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi, au kununua seti mpya.

Kabla ya hukumu, vipimo ni vya bei nafuu. Fundi huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na sikio kwenye mpini. Mlio mwembamba wa juu mara nyingi ni tapeti, zinazorekebishwa kwa dakika chache. Pikipiki ya Boxer ina cheni ya taimingi inayoweza kulegea na kupiga kelele. Injini ya aina ya CG husukuma valvu zake kwa fimbo na haina cheni hiyo, basi isisingiziwe. Kwenye gari, plagi zikitengwa moja baada ya nyingine, silinda ambayo mlio wake unapungua ndiyo yenye beringi mbovu.

Kiswahili hakihitaji kulifukuza neno kunoki. Kinahitaji kulitosheleza kwa majina matatu yanayoeleweka bila kamusi: mchanganyiko kujiwasha, beringi kugonga, pistoni kukwama. Walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wayafundishe, mafundi wayaandike kwenye risiti. Na mwenye chombo, akiambiwa "imenoki", aulize hapohapo: imejiwasha, imegonga au imekwama? Asitoe pesa ya spea kabla ya kujibiwa.